Mama mkwe yuko hapa Krismasi hii: nimpeleke bustani gani na watoto, Silver Spring na DC?

Mama Neema

Habari za jioni wapendwa. Naomba mawazo ya wenyeji wa Maryland, DC na Virginia.

Mama mkwe amekuja kutoka Lushoto mwezi uliopita. Ana miaka 71. Ni mara yake ya kwanza kupanda ndege, na itakuwa Krismasi yake ya kwanza nje ya nyumba yake. Mume wangu anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku, na wiki ya Krismasi amepangiwa siku zote isipokuwa moja. Kwa hiyo kutwa tupo mimi, Mama na watoto watatu: wa miaka 9, wa 6 na wa 2.

Shida ni kwamba Mama hasemi. Ukimuuliza kama amechoka kukaa ndani anakwambia, "Mimi niko salama mwanangu, msihangaike." Lakini namwona. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea, anajifunga khanga juu ya sweta, anakaa dirishani anaangalia maegesho ya magari mpaka tuamke. Kwake saa hizo angekuwa yuko njiani kwenda shamba. Hapa hata kufagia uwanja, uwanja wenyewe hakuna. Juzi nilitoka kutupa takataka nikamkuta kwenye ngazi za nje anang'oa nyasi zilizoota kwenye ufa wa saruji, kwa vidole vitupu, kwenye baridi ile. Aliponiona akaficha mikono ndani ya khanga. Niliingia ndani nikalia.

Nimesikia bustani za mimea za huku hupambwa kwa ajili ya Krismasi: taa, miti, vitreni vya watoto. Ile siku moja ya mume wangu nataka twende wote sita. Je, ipi inamfaa mtu mwenye magoti yanayouma na asiyezoea baridi? Tiketi za usiku nilizoangalia, ukizidisha kwa familia nzima, kwetu ni pesa nyingi. Na je, kuna mahali penye chochote cha kuzaliwa kwa Bwana? Mama ni mzee wa kanisa la Kilutheri kule kwao, asije akaona huku Krismasi ni taa tupu.

Asanteni sana.

Msafiri wa Vienna

Hujambo Mama Neema, mimi ni Mkenya, niko Virginia. Sisi huenda bustani ya Meadowlark kila Desemba, ile njia ya taa waliyoianza 2012. Watoto wangu wanaipenda kupita kiasi. Njia ina lami, kigari cha mtoto kinapita bila shida. Ila ni usiku, ni nje, na ni mwendo mrefu kwa mtu wa magoti. Mkiamua kwenda, mvisheni shosho soksi nene mbili na mchukue chai moto kwenye chupa. Upande wenu kuna Brookside Gardens pale Wheaton, nako huwa wanapamba kwa taa. Ni karibu nanyi zaidi, lakini baridi ni ile ile.

Dada wa Brookland

Kuhusu kuzaliwa kwa Bwana: nendeni kwa Wafransisko hapa Brookland, mnashuka kituo cha Brookland kwenye njia nyekundu, ile ile inayopita Silver Spring. Kanisa lao lina mifano ya mahali patakatifu pa kule Yerusalemu na Bethlehemu, na chini kabisa kuna pango la Kuzaliwa. Mimi ni Mlutheri kama mama mkwe wako, na nilipiga magoti pale bila wasiwasi wowote. Kutoka kituoni ni kilima kidogo, kwa hiyo ni afadhali gari.

Mzee wa Kihamba

Mama Neema, pole, na hongera kwa kumpokea mama. Nilikuwa nakula, nikafika pale kwenye nyasi za ngazini, nikaweka kijiko chini nikaja kuandika. Nitaandika kwa kirefu, univumilie.

Mimi ni mtu wa Marangu, niko huku tangu 1998. Mama yangu alikuja Desemba 2018, akiwa na miaka 74, kwa sababu nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa mgongo na sikuweza kusafiri. Wasio Wachaga labda hawajui Desemba ni nini kwetu. Dar inahamia mlimani. Nyumba iliyofungwa mwaka mzima inafunguliwa madirisha, mbuzi wa ndafu anachaguliwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa, na watoto waliozaliwa mjini wanapelekwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kuonyeshwa babu zao walikolala. Mama hakuwahi kukosa hata moja katika maisha yake. Na mwaka ule alikuwa amekaa kwenye kochi langu anasikia kwenye simu sauti za mbuzi na pikipiki, na kila aliyepiga anamwambia, "Fulani ameshafika, na fulani naye ameshafika."

Nikafanya unachotaka kufanya wewe. Nikalipia watu sita, tukaenda usiku kwenye bustani moja ya taa. Bustani haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Mama alisimama mbele ya mti uliozungushiwa taa za buluu kuanzia shina hadi matawi ya juu, akaniuliza, "Huu mti una nini?" Nikamwambia wameupamba kwa ajili ya Krismasi. Akasema, "Hilo naliona. Nauliza ni mti gani." Sikujua. Mke wangu hakujua. Hata gome lake halikuonekana kwa taa. Baada ya robo saa akasema miguu imekufa ganzi, tukarudi garini, na njia nzima hakuna aliyesema neno.

Wiki iliyofuata binti yangu, wakati huo ana miaka 12, akasema shule yao iliwahi kuwapeleka kwenye ile bustani ya nyumba ya vioo iliyo chini ya kilima cha Bunge. Ni United States Botanic Garden. Nilikuwa nimeipita kwa basi miaka ishirini sijaingia. Ni mali ya Bunge lao, waliianzisha mwaka 1820, na hiyo nyumba ya vioo iliyopo sasa ni ya 1933. Kuingia ni bure. Hakuna tiketi, hakuna kujiandikisha, unafungua mlango unaingia.

Na ndani kuna joto. Hilo peke yake lilitosha kumbadilisha Mama. Kuna chumba kikubwa cha katikati, cha misitu ya nchi za joto, chenye paa la kioo lililopanda juu sana na daraja la chuma linalopita juu ya vilele vya miti. Ukiingia tu miwani inapata ukungu. Mama alivua koti. Akavua kofia niliyomnunulia, akavua sweta, akanipa vyote nishike, akabaki na kitenge chake na blauzi kama yuko sokoni Marangu Mtoni. Akavuta hewa. Kulikuwa na harufu ya udongo uliomwagiwa maji. Mwanangu, harufu ile sikuwahi kuifikiria kwa miaka mingi.

Halafu akauona mgomba.

Hakusema chochote, alienda tu. Ukingo wa njia ulikuwa mfupi, akainama, akashika jani kavu lililokuwa linaning'inia, akalivuta kwa kulipinda upande, vile wanavyofanya wakiwa hawana mundu. Likachomoka. Akashika la pili. Mimi nikasema, "Mama, hapa hawaruhusu!" na kwa kweli hawaruhusu, msiguse kitu. Mama mmoja wa Kizungu wa kujitolea, mwenye aproni ya kijani, akaja. Nikaanza kuomba radhi. Yule mama akanikatiza, akauliza kwa upole kwa nini anaondoa yale majani.

Binti yangu ndiye aliyetafsiri. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na kusalimia wageni, lakini siku ile alisimama katikati ya wale wamama wawili na ikabidi atafute maneno. Mama akasema jani kavu linaficha wadudu na linazuia upepo. Akasema shina hili lina watoto wengi mno, wataua mkungu. Akanyoosha kidole kimoja kimoja: "Unaacha mama, unaacha mtoto, unaacha mjukuu. Wengine unawatoa, unampa jirani." Yule mama wa Kizungu akauliza wanapandwa umbali gani. Mama akapima kwa hatua zake pale pale njiani, watu wakapisha. Akauliza na kuhusu kahawa, maana mbuni ulikuwa upande wa pili, una matunda mabichi. Mama akamweleza kwamba kwetu hivi viwili havitenganishwi, mgomba unaipa kahawa kivuli, na juu ya mgomba kuna mti mkubwa unaowapa kivuli wote wawili, na maji yanakuja kwa mfongo, yaani mfereji, kutoka juu mlimani, kila nyumba na zamu yake. Ilichukua kama nusu saa. Nilikuwa nimeshika makoti ya watu watano na mgongo unaniuma, na nisingeondoka pale kwa lolote.

Tangu amefika, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza kitu ambacho alikijua.

Sasa nikueleze mapambo yenyewe, maana watoto watauliza. Kwenye ukumbi wa mbele huwa wanapanga majengo mashuhuri ya Washington yaliyojengwa kwa mimea mitupu: Bunge, Ikulu, ukumbusho wa Lincoln na mengineyo. Waliotengeneza ni kampuni ya Kentucky iliyoanzishwa na Paul Busse, mtu aliyesomea kupanga bustani. Ndio wale wale wa maonyesho ya treni ya bustani ya New York, yaliyoanza 1992. Kuta ni magome, mapambo ni matunda ya mwaloni, vijiti vya mdalasini, mbegu, magamba ya koni za misonobari. Mpe kila mtoto kazi ya kutafuta mmea anaoujua. Mwanangu wa kiume aliutambua mdalasini kwa sababu ya chai ya mama yake. Na kuna vitreni vinavyopita kwenye vichaka na madaraja ya vijiti. Mwaka hadi mwaka wanabadilisha mandhari, kwa hiyo siwezi kukuahidi mtakachokikuta. Wa miaka 2 hatataka kuondoka hapo, jipangeni kuachiana zamu.

Waonyeshe pia mkakao. Tunda linaota kwenye shina lenyewe na matawi makubwa, siyo kwenye vitawi, na watoto waliozoea chokoleti ya kwenye karatasi wanasimama wakashangaa.

Na kuna yale maua mekundu ya Krismasi, wanayaita poinsettia, wanayapanga kwa mamia: mekundu, meupe, ya waridi, na yenye madoadoa. Mama alicheka, akasema, "Wameweka uzio wa mwalimu kwenye vyungu." Kwetu ni mti wa uani, unapita kimo cha mtu. Kwa asili ni wa Meksiko, na jina hili la huku ni la Joel Poinsett, balozi wa Marekani kule, aliyeuleta nchini kwake miaka ya 1820. Kile chekundu si ua, ni majani. Ua lenyewe ni vile vidoti vya njano katikati. Na ili majani yageuke mekundu unahitaji giza refu kila usiku kwa wiki nyingi, ndiyo maana huku baadhi ya wakulima wanaufunika jioni kuanzia vuli. Mwambie Mama mkwe hilo la giza, watu wa shamba wanapenda kujua sababu.

Kuhusu usafiri: kutoka Silver Spring pandeni njia nyekundu hadi Metro Center, mbadilishe, mchukue ya buluu, ya machungwa au ya fedha, mshuke Federal Center SW. Kutoka pale ni kutembea kidogo kwenye njia tambarare. Msiende na gari, kuegesha ni mateso. Ndani ya bustani kuna lifti ya kupanda kwenye lile daraja la juu, kwa hiyo magoti yasikutie hofu. Huwa wanafungua saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na baadhi ya jioni za Desemba wanachelewa kufunga, ila angalieni kwenye tovuti yao kabla. Nendeni siku ya kazi, mfike kabla hawajafungua. Jumamosi foleni inazunguka nje kwenye upepo, na Mama atakuwa amepigwa baridi kabla hajaingia. Chakula hakiliwi ndani. Ng'ambo ya barabara kuna makumbusho ya wenyeji wa asili wa Marekani, nayo ni bure, na mgahawa wake unapika mahindi, maharage na maboga kwa namna ambayo mama wa Lushoto hataiona ngeni.

Mkitoka giza linaingia, na ule mti mkubwa wa Krismasi wa Bunge uko hapo hapo kwenye nyasi za upande wa magharibi, mnauona bure. Kila mwaka unaletwa kutoka msitu wa taifa. Mama yangu aliutazama akauliza tena, "Ni mti gani?" Safari hii binti yangu alikuwa ameshasoma kibao, akamjibu.

Neno la mwisho, kwa kuwa ni mtu wa Usambara. Nenda supamaketi yoyote penye maua, tafuta kachungu kadogo chenye majani manene yenye manyoya na maua ya zambarau. Wanakaita African violet. Asili yake ni milima ya kwao. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliukuta huko, akapeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia. Leo uko madirishani dunia nzima, na Wajerumani bado wanauita urujuani wa Usambara. Mnunulie. Usimwambie kitu, uweke tu mezani.

Mama Neema

Shikamoo Mzee wangu. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea mume wangu kwa sauti akiwa anavaa kwenda kazini. Amekaa kitandani na kiatu kimoja mkononi. Tunaenda Alhamisi. Na Dada wa Brookland, asante, Jumapili tutapita kwa Wafransisko baada ya ibada.

Mzaliwa wa Tanga, Columbus

Samahani kuingilia, mimi ni Mwislamu na sina Krismasi, lakini bustani za vioo ndizo zilizoniponya miaka yangu ya kwanza Ohio, kwa hiyo hili linanigusa. Nataka tu kumrekebisha Mzee kwa heshima. Kwetu pwani ukisema mkrismasi si huo wa vyungu. Mkrismasi ni ule mti mkubwa wenye kivuli kipana, unaochanua mwekundu mti mzima mwezi wa Desemba, na maganda yake marefu meusi watoto huyachezea kama mapanga. Asili yake Madagaska. Pale nje ya shule yangu ya msingi ulikuwepo mmoja, chini yake palikuwa pekundu kama pametandikwa busati, na ukiuona umechanua unajua likizo imefika, Mkristo na Mwislamu sawa. Mama Neema, ukipata picha yake muulize mama mkwe, Lushoto kule juu ni baridi lakini akishuka Mombo atakuwa ameuona.

Mzee wa Kihamba

Ni kweli kabisa, nakubali. Moshi mjini nayo ipo barabarani na inaitwa hivyo hivyo. Mimi nilisema maua ya Krismasi, si mkrismasi, lakini umefanya vyema kuitaja. Sijauona ule mti ukichanua tangu 2011, na sasa umenifanya niukumbuke.

Mama Neema

Nimerudi wapendwa, nilisema nitaleta habari.

Tulienda Alhamisi, tukafika saa nne kasoro, foleni ilikuwa watu kama kumi tu. Mama alivaa vizuri sana, khanga mpya, na kitambaa cha kichwa cha kanisani. Mume wangu alikuwa ametoka zamu saa moja asubuhi, akalala kwenye treni, kichwa kwenye bega la mama yake. Sikuwahi kumwona hivyo.

Ndani ilikuwa kama Mzee alivyosema, miwani yangu ilifunga ukungu nikasimama kama kipofu. Mama hakukimbilia migomba. Alitembea polepole, mikono nyuma, anatazama mmea mmoja mmoja kama anakagua. Mbele ya mbuni alisimama, akageuza jani akatazama chini yake. (Mzee, aligusa. Nilitazama pembeni.) Akasema, "Hauna kutu. Wanautunza." Kisha akamwita Neema, akamwonyesha kahawa inavyokaa kwenye tawi, na akamweleza kwamba yeye alipokuwa na umri wake alikuwa anachuma debe moja kabla ya kwenda shule. Neema akauliza debe ni nini. Akamchorea hewani kwa mikono. Neema akauliza kwa nini hajawahi kumwambia, na Mama akasema, "Hujaniuliza."

Wa miaka 6 alihesabu vyungu vya maua mekundu hadi 84 akachanganyikiwa, akaanza upya. Mdogo alilala chini mbele ya reli, tumbo sakafuni, na kila treni ilipotokea kwenye vichaka alipiga kelele kama hajawahi kuiona. Kwenye yale majengo Mama alikaa sana mbele ya mfano wa Bunge, akauliza waliotengeneza walilipwa. Mume wangu akasema walilipwa. Akasema, "Vizuri. Hii ni kazi ya mikono."

Mti wa Bunge tuliuona kwa mbali tu, mdogo alikuwa ameshaanza kulia.

Na lile ua. Nilikuwa nimelinunua siku moja kabla, nikaliweka mezani jikoni bila kusema, kama nilivyoagizwa. Tuliporudi kutoka bustanini nikawa natengeneza chai, nikamsikia Mama kimya nyuma yangu. Kageuza chungu upande huu, kageuza upande ule. Akasema, "Dughulushi." Nikamwomba arudie, akarudia. Akaniambia waliliona wakienda kuchota maji, limejishika kwenye mwamba pale maji yanaporukia, penye kivuli, na hakuna aliyewahi kulichukua kwa kuwa lilikuwa la pale pale mwambani. Akaniuliza nimelipata wapi. Nikamwambia dukani, dola sita, karibu na mkate. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akakaa akaanza kunihadithia juu ya mto huo na dada yake aliyeteleza hapo, na mume wangu akaja akasimama mlangoni kusikiliza, maana naye alikuwa hajui.

Ananiambia nisimwagie maji juu ya majani, nimwagie kwenye kisahani. Kila jioni anaondoa chungu dirishani kwa sababu kioo kinapata baridi, anakiweka karibu na kichwa cha kitanda chake. Saa kumi na moja alfajiri namsikia anakirudisha.